Thumni Mbili ni Robo

Fundo lilikuwa gumu hata nikalazimika kulifungua kwa meno. Lilikuwa kwenye pindo la kanga ya mama, kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka maandishi yake yakafutika, na wanawake waliokuwa wamekaa nami chumbani waligeuza nyuso kwa adabu, kama watu waliomwona mgeni akila vibaya. Nilionja chumvi, nikaonja sabuni ya kufulia, kisha kitu kikali, ladha ya chuma kilichokaa miaka mingi karibu na mafuta ya ganda la korosho. Nilijua ni nini kabla fundo halijaachia. Sarafu ikaanguka mkekani, ikazunguka kidogo, ikalala kichwa juu. Nusu krauni ya Mwingereza.

Ningependa kuandika kwamba nililia. Sikulia. Nilifanya hesabu, maana ndiyo tabia yangu tangu nikiwa darasa la tatu: jambo likinishinda, nalihesabu. Nusu krauni ni shilingi mbili na peni sita. Shilingi ya Mwingereza ilikuwa na peni kumi na mbili. Kumi na mbili, na kumi na mbili, na sita: thelathini. Pauni ilikuwa na shilingi ishirini, yaani peni mia mbili na arobaini. Gawanya kwa thelathini, unapata nane. Nusu krauni nane zinafanya pauni moja. Waingereza wenyewe waliitupa zamani sarafu hiyo pamoja na hesabu zake, wakaanza kuhesabu kwa mia kama sisi. Kwa hiyo huenda nimo katika watu wachache waliobaki wanaoweza kuikokotoa kichwani bila kalamu. Si ujuzi unaonisaidia kulipa umeme.

Ilikuwa sarafu ya baba. Baba alikuwa mtu wa Kilwa Kivinje aliyepotelea bara. Alifika upande wa Mtama akiwa kijana, enzi zile Wazungu walipoleta matrekta kulima karanga, akapata kazi ya upishi kwa bwana mmoja mrefu ambaye hakula pilipili. Karanga hazikukubali, matrekta yakafa, yule bwana akafunga mizigo yake. Siku ya kuondoka alimpa baba mkono, na ndani ya ule mkono mlikuwa na sarafu hiyo. Baba alikuwa akituigizia tukio lote: jinsi yule bwana alivyokohoa, jinsi alivyosema “Asante sana, mpishi,” jinsi alivyopanda gari bila kugeuka nyuma. Halafu baba alikuwa akibaki katikati ya uwanja, kiganja wazi, akikitazama.

Hakurudi Kivinje. Alimwoa mama, Mmwera wa huko huko, akapanda mikorosho ishirini na minne, na akaishi na swali moja. Yule bwana alimwachia kiasi gani? Jina la sarafu alilijua, kwa kuwa aliwahi kuwasikia Wazungu wakilitaja, lakini thamani yake hakuijua, wala hakuthubutu kuuliza dukani. Ilimradi hajauliza, aliweza kuipa bei yoyote. Siku mvua ikinyesha vizuri ilikuwa bei ya baiskeli. Siku mama akiwa amenuna ilikuwa bei ya doti mbili za kanga.

Mimi swali langu lilikuwa jingine. Kama jina lake ni nusu, nusu nyingine iko wapi? Nilikuwa nimeshaona kwamba mfalme aliyechorwa hapo amekatwa shingoni, hana mabega wala kifua, nikadhani sehemu yake ya chini imechorwa kwenye nusu ya pili.

“Nusu nyingine kabaki nayo yule bwana,” baba aliniambia. “Ndiyo maana namngoja.”

“Atakuja lini?”

“Akikumbuka.”

Mama alicheka akiwa jikoni. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya fedha nyumbani kwetu.

Mwanzoni mwa msimu mmoja wa korosho baba akashikwa na homa. Homa haikuwa habari. Kila mtu aliwahi kuwa nayo. Siku ya nne aliniita nikiwa nimeshavaa sare ya shule. Chumba kilinuka majani ya mwarobaini na jasho. Aliitoa sarafu chini ya mto, akanifumbia kiganjani.

“Nenda nayo shule. Kamuulize mwalimu wako hii ni shilingi ngapi.”

“Akisema ni kidogo?”

“Urudi uniambie hivyo hivyo. Usinipunguzie wala usiniongezee.”

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa kijana kutoka bara ya mbali, mwembamba, mwenye kitabu kimoja cha hesabu kwa watoto arobaini. Vitabu vipya vya taifa jipya vilikuwa njiani, tuliambiwa hivyo kila muhula, na wakati vikiwa njiani tulitumia hicho kilichoandikiwa watoto wa Uingereza. Tulikokotoa bei ya makaa ya mawe na jibini, vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Basi nilipomwonyesha sarafu, Mwalimu alifurahi kama mtu aliyeletewa barua. Aliipitisha dawati kwa dawati.

“Mwalimu, mbona huyu mzee hana shati?” aliuliza mtoto mmoja nyuma.

“Mfalme havai shati kwenye hela. Kimya.”

Akaandika ubaoni. Shilingi mbili, peni sita. Peni sita ni nusu ya shilingi. Nusu ya shilingi kwa hela yetu ni nini?

“Sumni!” darasa zima likajibu.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka ile sumni mpya, senti hamsini: upande mmoja Rais, upande wa pili sungura. Tuliipenda kuliko shilingi yenyewe kwa ajili ya yule sungura.

“Kwa hiyo sarafu ya baba yake ni shilingi ngapi?”

“Mbili na sumni!”

“Tajiri wa mbili na sumni!” akasema Hadija, jirani yangu wa dawati, na wote wakacheka. Jina hilo lilinidumu mpaka saa ya kutoka.

Lakini Mwalimu alikuwa bado hajaridhika. Alitupeleka kwenye pauni, akagawa, akapata nane, akapiga mstari chini ya ile nane mpaka chaki ikakatika. “Kwa hiyo nusu krauni moja ni sehemu ya nane ya pauni. Sehemu ya nane kwa Kiswahili inaitwaje? Nyinyi watu wa dini mnajua. Thumni. Na thumni mbili?” Hakuna aliyejua. “Thumni mbili ni robo. Andikeni.”

Nilinyoosha mkono. “Mwalimu, sumni si nusu shilingi?”

“Hiyo ni sumni. Hii ni thumni.”

Kwetu, ambako ulimi wa Kimwera ulikuwa umeketi juu ya Kiswahili, hayo yalikuwa neno moja lililotamkwa na mtu mwenye pengo. Nikamwomba atofautishe. Akaanza kueleza kwamba asili yao ni moja, kwamba zamani palikuwa na riali ya fedha na sumni ilikuwa sehemu yake ya nane, kisha akaona sura zetu, akaacha. “Haimo kwenye mtihani,” akasema.

Nilirudi nyumbani nikilirudia jibu ili nisilipunguze wala nisiliongeze. Mbili na sumni. Mbili na sumni. Nilipokunja kona ya uwanja wetu niliona viatu mlangoni, vingi, vya kiume, vimepangwa vibaya. Wanaume walikuwa wameketi chini kando ya ukuta. Kutoka ndani zilikuja sauti za wanawake. Shangazi mmoja wa jirani alinishika kichwa, akakigandamiza kifuani mwake, na kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba sasa nitasahau. Nikalisema jibu pale pale, ndani ya kanga yake, ili lisipotee. Akadhani naweweseka.

Siku zilizofuata sikumbuki kuhisi kitu. Nakumbuka vitu vilivyokuwepo. Sufuria za kuazima zilizoandikwa majina ya wenyewe kwa rangi nyekundu. Mabibo yaliyokuwa yameanguka bila mtu wa kuyaokota, yakachacha, na nyuki juu yake. Moshi wa korosho zilizokuwa zikibanikwa nyumba ya tatu, kwa sababu msimu haukungoja mtu, ule moshi mzito unaowasha koo. Mama alikuwa ameingizwa eda. Alikaa chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe, nyuma ya pazia, na nikaambiwa atakaa hivyo miezi minne na siku kumi, asitoke uwanjani wala asionane na wanaume wa kando. Nilihesabu siku zote hizo kwa vidole, nikachoka, nikalala.

Baba Mkubwa, kaka yake baba, alifika kutoka Kivinje siku ya hitima akiwa na halua ndani ya kikapu kidogo cha ukindu. Naomba nimtendee haki: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, alinukia marashi ya waridi, na alimlilia mdogo wake kwa sauti mpaka wanaume wengine wakatazama pembeni. Kesho yake yeye, Sheikh wa pale kijijini na Mjomba, mdogo wake mama, walikaa barazani kuzungumza mirathi. Watoto tulifukuzwa. Mimi nilienda nyuma ya nyumba, penye rundo la magunia, ambako ukuta ulikuwa umebanduka udongo na sauti zilipita kana kwamba hapana ukuta.

“Mke ana thumni yake,” alisema Sheikh.

“Sumni?” Hiyo ilikuwa sauti ya Mjomba.

“Thumni.”

“Hiyo hiyo. Sumni tu, Sheikh? Kulima kote kule, kupika kote kule?”

“Si maneno yangu, ndugu yangu. Ndivyo ilivyoandikwa. Mume akiacha mtoto, mke ana thumni. Asipoacha mtoto, mke ana robo.”

“Kumbe!” Mjomba alikuwa mtu ambaye hakuweza kuliacha neno lipite bila kulitania, hata matangani. “Basi dada yangu kapunjwa na tumbo lake mwenyewe!”

Wakacheka, kile kicheko cha chini cha watu waliokaa siku nyingi na huzuni na wamepata upenyo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na maarifa mapya ya siku chache, na maarifa mapya ni kitu cha hatari kwa mtoto wa darasa la tatu. Jambo la kwanza nililoelewa ni kwamba mama, kwa kufiwa na baba, atapewa sungura mmoja. Nikamwona akiletewa ile senti hamsini kwenye kisahani. Halafu nikakumbuka ubao wa Mwalimu, nikawaza huenda ni ile thumni nyingine, ya nane. Nikashindwa kuamua. Lakini ikawa haijalishi, kwa sababu jambo la pili lilikuwa wazi katika hesabu zote mbili: thumni mbili ni robo. Bila mtoto, mama angepata mara mbili. Mtoto mwenyewe alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa juu ya magunia akinyonya kidole chenye halua.

Huko barazani maneno yaliendelea. Baba Mkubwa alisema nusu ya mali ni ya mtoto, na mtoto ni damu yao, na Kivinje kuna shule kubwa na chuo kizuri cha Kurani, kwa hiyo ataondoka nami.

“Haondoki,” Mjomba alisema, na safari hii hakutania. “Sisi Wamwera mtoto ni wa mamake. Utamwachaje mwanamke na eda yake, na mtoto humo humo umchukue?”

“Mtoto ana jina la nani, shemeji?”

“Jina halimpikii uji.”

Sheikh akawatuliza. Alisema mtoto ameshafika umri wa kupambanua, na katika mambo kama hayo mtoto huulizwa mwenyewe. Kesho asubuhi aulizwe mbele ya watu, na atakalosema liwe hilo.

Jioni ile nilikaa na mama nyuma ya pazia. Alikuwa na ungo mapajani, akichambua mchele, na kila kijiwe alikiweka kando kwenye kifuniko cha kibuyu. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Kijiwe. Kijiwe kingine.

“Kesho watakuuliza,” akasema.

“Najua.”

“Mimi sikwambii kitu. Wasije wakasema nimekufundisha.”

Nikamwambia sawa. Alinitazama muda mrefu, kisha akarudi kwenye mchele. Leo najua kwamba mtazamo ule ulikuwa unaniambia kila kitu ambacho mdomo ulijinyima. Wakati ule niliona tu kwamba amechoka, nikafurahi, kwa namna ya mtoto anayeficha zawadi, kwamba ana jambo jema linamngoja asubuhi. Nilikaribia kumwambia. Nikajizuia nisije nikaharibu.

Asubuhi walinisimamisha barazani. Palikuwa na watu kama ishirini. Pazia la mlango lilikuwa nyuma yangu, na nyuma ya pazia nilisikia ungo: shaa, shaa, shaa, mchele ukipepetwa.

“Binti, usiogope,” Sheikh alisema. “Mama yako yuko ndani, anakusikia. Baba yako mkubwa huyu hapa. Unataka kukaa na nani?”

“Na Baba Mkubwa.”

Ungo ukanyamaza.

“Hebu rudia, mwanangu,” Mjomba alisema, sauti yake imepanda. “Hatujakusikia vizuri.”

“Na Baba Mkubwa.”

Nilisubiri. Sijui nilitarajia nini, labda Sheikh aseme papo hapo, basi mke ana robo, na watu wapige makofi. Badala yake Baba Mkubwa aliniwekea mkono kichwani. Kisha nyuma ya pazia ungo ukaanza tena, shaa, shaa, polepole kuliko mwanzo.

Mchana walienda kugawa mikorosho. Nilifuatana nao. Sheikh alikuwa amechana shuka kuukuu vipande vipande, na kila mkorosho ulifungwa kipande: cheupe kisicho na kitu kwa mtoto, chenye fundo moja kwa Baba Mkubwa, chenye mafundo mawili kwa mama. Yangu ilikuwa kumi na miwili. Ya Baba Mkubwa tisa. Mafundo mawili yalifungwa kwenye mkorosho wa mwisho upande wa kijito, na uliofuata, na uliofuata, halafu Sheikh akapangusa mikono.

Mitatu. Ishirini na nne gawanya kwa nane. Nilielewa pale pale, nimesimama kwenye majani makavu, kwamba thumni haikuwa sungura, na kwamba Mwalimu alikuwa sahihi, na kwamba hakuna kilichoongezeka.

“Sheikh, ya mama si sita?”

“Kwa nini sita, mwanangu?”

Watu wazima watatu walinitazama. Ningesema wakati ule. Nimelirudia hilo mara nyingi, na kila mara naona mdomo wangu ungeweza kufunguka, kwa kuwa haukuwa na ugonjwa wowote. Lakini nilikuwa nimeshasema neno langu mara mbili mbele ya watu ishirini, na nikapata wazo jingine, baya zaidi, la kitaalamu kabisa: kwamba bado wananiona. Mtoto angali yupo. Watairekebisha hesabu nikishaondoka kweli.

Kwa hiyo niliharakisha kuondoka. Baba Mkubwa alitaka tukae mpaka wiki iishe; mimi nikawa namuuliza kila saa lori la korosho linapita lini. Mama aliyasikia hayo yote nyuma ya pazia.

Lori likapatikana. Niliingia kumuaga. Alikuwa amenitengenezea mkate wa mchele, ameufunga kwenye jani la mgomba, na alinisuka nywele upya, akivuta sana. Alipomaliza nilitoa sarafu, nikaiweka kiganjani mwake. Hakuna aliyekuwa ameniuliza habari zake. Katika mirathi ya baba ni kitu pekee ambacho Sheikh hakukigawa.

“Mama, hii ni thumni. Nyingine itakuja.”

“Nyingine ipi?”

“Itakuja nikishaondoka.”

Aliitazama sarafu, akanitazama mimi. “Haya,” akasema. Akaifunga kwenye pindo. Hakuweza kunisindikiza hata mpaka uwanjani, kwa ajili ya eda. Nilipanda juu ya magunia, na hadi Lindi nilikula mkate wa mchele kidogo kidogo nikihesabu madaraja.

Kivinje palinifaa. Inauma kuandika hivyo, lakini ni kweli. Baba Mkubwa alinisomesha kama alivyoahidi, nyumba ilikuwa ya mawe, na wanawe walinitania siku chache tu kwa ulimi wangu wa bara kisha wakachoka. Nilienda sekondari, nikaenda chuo kikuu Dar es Salaam, nikabaki huko. Pale chuoni, katika somo nililolichukua kwa sababu lilikuwa na saa nzuri, mhadhiri aliandika ubaoni sehemu za warithi: nusu, robo, thumni. Alieleza kwa dakika tano kile ambacho mimi nilikilipia kwa maisha yangu. Nilitoka kwenda kunywa maji, na sikurudi mpaka kipindi kilipokwisha. Mtihani wa somo lile nilipata alama ya juu. Nawaambia ili mjue elimu yangu ni ya aina gani.

Likizo nilienda kwa mama, si kila likizo. Kila nilipoenda alinipa chai kwenye kikombe cha wageni. Kilikuwa cha udongo mweupe, kina ua la buluu, na kilikaa juu ya kabati, na nilipokuwa mtoto tulikitoa kwa watu wa mbali tu. Mara ya kwanza nilicheka nikasema, “Mama, mimi tena?” Akasema, “Kunywa, safari ni ndefu.” Basi nikanywa. Alinitandikia kitanda chake, yeye akalala chini. Aliniuliza habari za Baba Mkubwa, za mkewe, za watoto, mmoja mmoja kwa majina. Hakuniuliza kwa nini nilisema nilivyosema, wala mimi sikumweleza. Mwanzoni sikueleza kwa sababu nilikuwa bado nangoja hesabu irekebishwe. Baadaye kwa sababu nilikuwa nimejua haitarekebishwa. Baadaye zaidi kwa sababu nilikuwa msomi, na msomi hawezi kumwambia mama yake kwamba alimwacha kwa kukosea sehemu.

Nikiwa bado sekondari ilikuja operesheni ya vijiji. Watu wote wa upande ule walihamishiwa barabarani, nyumba zikapangwa kwa mistari, na mashamba ya zamani yakabaki nyuma, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Mikorosho yetu ikamezwa na pori. Mitatu ya mama, tisa ya Baba Mkubwa, kumi na miwili yangu: mgawanyo wote ule wa Sheikh ukawa sifuri kwa kila mmoja, na sifuri haina thumni. Nilisikia habari hizo nikiwa bwenini, kwenye barua ya Mjomba. Niliikunja nikaendelea kusoma.

Sasa mama naye ametangulia, na Mjomba, mzee aliyepinda mgongo na mwenye ukungu machoni, ndiye aliyenikabidhi sanduku la mama lenye ile kanga. Alikuwa amekaa mlangoni sarafu ilipoanguka. Aliisikia tu, hakuiona.

“Umeipata?” akauliza.

“Nimeipata, Mjomba.”

“Hiyo dada hakuitoa hata siku moja. Mwaka fulani walipita watu wa mjini wananunua hela za zamani. Nikamwambia, dada, uza, upate sukari. Akanifukuza hapa kama kuku.” Akacheka, kile kicheko chake kile kile, kimebakiwa na pumzi kidogo. “Akasema, hii haijatimia, siwezi kuiuza nusunusu. Nyingine anayo mwanangu. Aliniambia itakuja. Basi kila ukija na mkoba wako, ukishaondoka namuuliza, dada, kaja nayo? Anasema, bado, labda kasahau.”

Kichwa cha mfalme kilikuwa kinatazama ukuta. Niliiokota sarafu, nikairudisha kwenye pindo, nikafunga fundo, na mikono yangu ilifanya kazi yake vizuri tu.

“Hivi kweli unayo?” Mjomba akauliza.

“Ninayo, Mjomba,” nikasema. “Nimeisahau Dar es Salaam.”